Ubakaji vitani: Kutoka kambi za Embu hadi The Hague, haki ilivyochelewa

KATIKA kipindi cha Hali ya Hatari, kati ya mwaka wa 1952 na 1960, ubakaji ulikuwa kosa la jinai nchini Kenya kama ulivyo leo. Askari aliyemdhulumu mwanamke kijijini Embu au Meru alikuwa akivunja sheria za serikali iyo hiyo iliyomkabidhi bunduki.

Hata hivyo, waliotendewa unyama huo hawakupata mahakama ya kimataifa ya kuwasikiza. Waliobahatika kuishi hadi uzeeni waliambulia fidia, tena kupitia kesi ya madai iliyofanyika mbali, jijini London, zaidi ya nusu karne baadaye.

Leo hali ni tofauti kimaandishi. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), unautaja ubakaji kuwa uhalifu wa kivita na pia uhalifu dhidi ya ubinadamu. Makamanda kutoka Congo na Uganda wamehukumiwa kwa makosa hayo.

Lakini ukizifuatilia kesi hizo moja baada ya nyingine, kuanzia mlimani Kenya hadi Arusha na The Hague, jambo moja hujirudia. Mara nyingi kizingiti hakikuwa kukosekana kwa sheria. Kizingiti kilikuwa kwamba hakuna aliyeliandika kosa hilo katika hati ya mashtaka.

Embu na Meru chini ya Hali ya Hatari

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, 1952 ili kukabiliana na wapiganaji wa Mau Mau. Jamii tatu ndizo zilizolengwa zaidi: Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Mipaka ya wakati huo haikuwa kama ya sasa. Wilaya ya Embu ilijumuisha eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kirinyaga, zikiwemo nyanda za Mwea. Nayo Wilaya ya Meru ilifika hadi Chuka na Tharaka, maeneo ambayo siku hizi yamo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi.

Kuanzia mwaka wa 1954, serikali iliwahamisha wakazi kutoka makwao na kuwasongamanisha katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na nyaya za miiba. Zaidi ya watu milioni 1 wa jamii hizo walihamishiwa vijiji zaidi ya 800.

Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa msituni au kizuizini, wengi wa waliobaki vijijini walikuwa wanawake, watoto na wazee. Waliokuwa na amri juu yao ni machifu, askari na walinzi waliofahamika kama homugadi. Mwanamke alihitaji ruhusa ya watu hao ili aende shambani, kisimani au sokoni.

Hapo ndipo mizizi ya dhuluma ilipokuwa. Aliyeshukiwa kuwapelekea wapiganaji chakula alipelekwa kwenye kambi ya mahojiano, na mhoji wake ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Hapakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Kesi ya Chuka

Haikuwa kwamba wakoloni hawakuwashtaki watu wao kamwe. Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Meru yenyewe.

Mnamo Juni 1953, wanajeshi wa kikosi cha King's African Rifles (KAR) waliwaua watu wapatao 20 katika eneo la Chuka. Wengi wa waliouawa walikuwa homugadi, yaani watu waliokuwa upande wa serikali.

Kapteni Gerald Griffiths wa kikosi hicho alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mnamo Novemba mwaka huo kwa shtaka la mauaji, akaondolewa hatia. Alishtakiwa tena Machi 1954 kwa kuwatendea mateka ukatili, na safari hii akapatikana na hatia na kufungwa.

Hata hivyo, hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji yenyewe ya Chuka. Mtu alifungwa, lakini kosa kubwa zaidi halikuingia katika hati ya mashtaka.

Mambo yalizidi kuharibika mwishoni mwa 1954. Kamishna wa Polisi, Kanali Arthur Young, aliyekuwa ametumwa kutoka Uingereza, alijiuzulu Desemba mwaka huo baada ya juhudi zake za kuchunguza uhalifu wa homugadi kuingiliwa.

Mwezi uliofuata, Januari 18, 1955, Gavana Baring alitangaza msamaha. Wapiganaji wa Mau Mau waliojisalimisha hawangenyongwa kwa makosa yao ya awali, nao homugadi hawangeshtakiwa kwa waliyoyatenda kabla ya tarehe hiyo.

Kwa mwanamke aliyekuwa amebakwa kijijini mwaka wa 1954, tangazo hilo lilifunga mlango wa mahakama kabla hajaufikia.

Hata ngazi ya kimataifa haikuwa na msaada. Mikataba ya Geneva ya 1949 ilikuwa imetaja wajibu wa kuwalinda wanawake dhidi ya ubakaji nyakati za vita, lakini Uingereza ilishikilia kwamba ya Kenya hayakuwa vita bali ni vurugu za ndani. Zaidi ya hayo, baada ya kesi za Nuremberg na Tokyo zilizofuata Vita Vikuu vya Pili, hakuna mahakama nyingine ya kimataifa ya jinai iliyoundwa hadi mwaka wa 1993.

Mama wa Gatithi afika London

Marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963. Iliondolewa na serikali ya Rais Mwai Kibaki mwaka wa 2003. Ni baada ya hapo wakongwe walipoweza kujisajili kama chama na kusimulia hadharani yaliyowapata.

Mnamo Juni 2009, Wakenya watano wazee waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, wakisaidiwa na Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya (KHRC) na kampuni ya mawakili ya Leigh Day. Miongoni mwao alikuwa Bi Jane Muthoni Mara, aliyezaliwa mwaka wa 1939 na kukulia katika iliyokuwa Wilaya ya Embu.

Bi Mara alieleza mahakama kwamba alikuwa na umri wa miaka 15 alipopelekwa katika kambi ya mahojiano ya Gatithi kwa tuhuma za kuwapa Mau Mau chakula. Alisema alidhulumiwa kingono kwa chupa ya kioo iliyotiwa maji moto, huku afisa Mzungu akisimamia.

Walalamishi wengine wawili, Bw Ndiku Mutua na Bw Paulo Nzili, walisema walihasiwa walipokuwa kizuizini. Ushahidi wao ulikumbusha jambo ambalo husahaulika kwa urahisi: wanaume pia hudhulumiwa kingono vitani.

Serikali ya Uingereza ilijitetea kwa hoja mbili. Kwanza, ilidai dhima yoyote ilirithiwa na serikali ya Kenya mwaka wa 1963. Jaji Richard McCombe alikataa kuitupa kesi kwa hoja hiyo mnamo Julai 21, 2011.

Hoja ya pili ilihusu muda. Kisheria, mlalamishi huko Uingereza ana miaka 3 kudai fidia ya majeraha ya mwili, isipokuwa jaji aruhusu vinginevyo. Hapa ndipo nyaraka zilipookoa jahazi.

Wakati kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ilikiri mwaka wa 2011 kuwa ilikuwa imehifadhi katika jumba la Hanslope Park maelfu ya faili zilizoondolewa katika makoloni yake, zikiwemo za Kenya. Faili hizo zilionyesha jinsi maafisa wa juu walivyojadili mateso yaliyokuwa yakiendelea kambini.

Mnamo Julai 2012, wakili wa serikali aliiambia mahakama kwamba haikukanwa kuwa walalamishi waliteswa. Oktoba 5 mwaka huo, Jaji McCombe aliamua kwamba kesi ingeweza kusikizwa kwa haki licha ya miaka mingi kupita, kwa sababu ushahidi wa maandishi ulikuwepo kwa wingi.

Juni 6, 2013, Waziri wa Mashauri ya Kigeni William Hague alitangaza bungeni kwamba Uingereza ingelipa jumla ya pauni milioni 19.9, zikijumuisha gharama za kesi, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Alieleza masikitiko ya serikali yake, lakini serikali hiyo iliendelea kukana dhima ya kisheria. Mnara wa ukumbusho ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015.

Kundi jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 halikuwa na bahati hiyo. Kesi yao ilitupwa na Jaji Stewart mwaka wa 2018 kwa misingi ya kuchelewa.

Tofauti ya mahakama ya madai na ya jinai ni muhimu hapa. London ilitoa pesa na masikitiko. Haikumtia mtu yeyote hatiani, kwa sababu haikuwa na mamlaka hayo.

Arusha yavunja kimya

Hatua kubwa ya kwanza ya kisheria ilipigwa karibu na nyumbani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu Rwanda (ICTR) iliketi Arusha, Tanzania, kusikiza kesi za mauaji ya halaiki ya 1994.

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilianza Januari 1997. Hati ya awali ya mashtaka haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji.

Kisha shahidi mmoja, akijibu maswali kuhusu mambo mengine, alisimulia jinsi binti yake mdogo alivyobakwa. Mashahidi wengine wakafuata. Miongoni mwa majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Mnamo Juni 1997 upande wa mashtaka ulirekebisha hati na kuongeza mashtaka ya dhuluma za kingono.

Septemba 2, 1998, Akayesu alipatikana na hatia ya mauaji ya halaiki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya aina hiyo, na pia mara ya kwanza kuamua kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kuangamiza jamii nzima. Alifungwa maisha.

Mahakama kuhusu iliyokuwa Yugoslavia ilifuata nyayo. Februari 22, 2001, jopo lililoongozwa na Jaji Florence Mumba wa Zambia liliwatia hatiani wanaume watatu katika kesi ya mji wa Foča, na kuutambua ubakaji na utumwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Nayo Arusha, mnamo Juni 2011, ilimtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa masuala ya wanawake nchini Rwanda, kwa makosa yaliyojumuisha ubakaji uliotendwa na watu waliokuwa chini ya mamlaka yake.

Mkataba wa Roma unasema nini

ICC ilianza kazi Julai 1, 2002. Kenya iliidhinisha mkataba wake Machi 15, 2005, na Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kimataifa ya 2008 ikauingiza katika sheria za nchi kuanzia Januari 2009.

Mkataba unataja ubakaji, utumwa wa kingono, kulazimishwa kufanya ukahaba, mimba ya kulazimishwa, kufungwa kizazi kwa lazima na dhuluma nyingine za kingono zenye uzito sawa na hizo. Makosa hayo hayana ukomo wa muda: mshukiwa anaweza kushtakiwa hata akiwa mkongwe.

Kanuni za ushahidi nazo zinamlinda mlalamishi. Kunyamaza kwake au kutopigana na aliyemshambulia hakuwezi kuhesabiwa kuwa kukubali. Mwenendo wake wa awali haujadiliwi. Wala si lazima apatikane shahidi wa pili kuthibitisha kauli yake.

Kanuni hizo zingemfaa Bi Mara. Lakini ICC haina mamlaka juu ya matendo ya kabla ya Julai 2002, hivyo kambi za Embu na Meru ziko nje ya mipaka yake milele.

Ushindi na pigo The Hague

Kesi ya kwanza kabisa ya ICC, dhidi ya Thomas Lubanga wa Congo, iliwakasirisha watetezi wa wanawake. Mashahidi walieleza jinsi wasichana waliosajiliwa jeshini walivyobakwa, lakini Kiongozi wa Mashtaka hakuwa ameandika shtaka hilo. Lubanga alihukumiwa mwaka wa 2012 kwa kuwatumia watoto vitani pekee.

Machi 21, 2016, jopo ambalo Jaji Joyce Aluoch wa Kenya alikuwa mmoja wa wanachama wake watatu lilimpata Jean-Pierre Bemba na hatia ya uhalifu uliotendwa na wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukiwemo ubakaji. Alihukumiwa miaka 18. Juni 8, 2018, majaji wa rufaa walimwachilia kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Hukumu mbili zilizofuata zimesimama. Bosco Ntaganda wa Congo alitiwa hatiani Julai 2019 na kufungwa miaka 30. Makosa yake yalijumuisha ubakaji na utumwa wa kingono wa wasichana waliokuwa katika jeshi lake mwenyewe.

Dominic Ongwen wa kundi la LRA nchini Uganda, ambaye mwenyewe alitekwa nyara akiwa mtoto, alipatikana Februari 2021 na hatia ya makosa 61, yakiwemo ndoa za lazima na mimba za kulazimishwa. Alifungwa miaka 25, na rufaa yake ikakataliwa Desemba 2022.

Kenya yaonja ugumu huo

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliifikisha Kenya The Hague. Tume ya Jaji Philip Waki ilitenga sura nzima ya ripoti yake kuhusu dhuluma za kingono zilizotendwa wakati huo.

Januari 2012, majaji wa ICC waliidhinisha mashtaka, ukiwemo ubakaji, dhidi ya Bw Uhuru Kenyatta na aliyekuwa Mkuu wa Utumishi wa Umma, Bw Francis Muthaura, mzaliwa wa Meru. Wote wawili walikana. Mashtaka dhidi ya Bw Muthaura yaliondolewa Machi 2013 na dhidi ya Bw Kenyatta Desemba 2014, bila kesi kusikizwa.

Uamuzi mmoja wa hatua hiyo ya awali ungali unajadiliwa na wanasheria. Upande wa mashtaka ulitaka wanaume waliotahiriwa kwa nguvu na kukatwa viungo vya uzazi watambuliwe kuwa waathiriwa wa dhuluma za kingono. Majaji walikataa, wakasema hivyo vilikuwa vitendo vingine vya kinyama vilivyosukumwa na chuki za kikabila.

Mnamo Desemba 10, 2020, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa serikali ilikosa wajibu wake wa kuchunguza na kushtaki dhuluma za kingono za wakati wa ghasia hizo. Jaji Weldon Korir aliagiza wanne kati ya walalamishi wanane walipwe Sh4 milioni kila mmoja. Kwa mara nyingine, waathiriwa walipata fidia pasipo mtu kutiwa hatiani.

Somo kutoka Meru

Huenda jibu la karibu zaidi kwa tatizo hili lilitolewa Meru. Mwaka wa 2012, wasichana 11 wakisaidiwa na shirika la Ripples International waliwashtaki polisi katika Mahakama Kuu ya Meru. Walisema walinajisiwa, wakapiga ripoti, lakini polisi hawakufanya uchunguzi ipasavyo.

Kesi hiyo, inayofahamika kama ya Wasichana 160, haikuhusu vita. Lakini Jaji J.A. Makau aligusa kiini cha suala hili mnamo Mei 27, 2013 alipoamua kwamba polisi kupuuza malalamishi ya unajisi ni kukiuka Katiba. Kwa maneno mengine, anayekataa kuliandika kosa naye ana hatia yake mbele ya sheria.

Uamuzi huo ulitolewa siku 10 tu kabla ya tangazo la Bw Hague kuhusu Mau Mau. Wasichana wa Meru walisikizwa wakingali watoto. Bi Mara, aliyekuwa na umri kama wao alipoingizwa kambini Gatithi, alingoja hadi uzeeni.

Kesi zote hizi zinaonyesha kwamba mahakama, iwe Meru au The Hague, huhukumu yale tu yanayowekwa mbele yake. Faili za Hanslope Park ziliokoa kesi ya London kwa sababu karani fulani aliandika na faili zikahifadhiwa. Shahidi wa Taba aliibadilisha sheria ya dunia kwa sababu kulikuwa na watu wa kumsikiza.

Kwa hivyo kazi ya kuwafikisha wabakaji wa vitani mbele ya sheria haianzii kwa majaji wa Uholanzi. Huanzia kwa daktari anayejaza fomu ya matibabu, afisa wa polisi anayefungua kitabu cha matukio, na kiongozi wa mashtaka anayeamua ni makosa gani yataandikwa na yapi yataachwa.